Kabla ya Kufungua Kiti cha Nyuma



Somo letu latoka katika Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 8, kuanzia mstari wa 26 hata mwisho wa sura. Twawaomba mlisome wenyewe nyumbani, kwa sauti, watoto wakisikia, kabla ya kuendelea na maneno yetu haya. Mtakuta humo habari za mtu mkubwa wa Kushi, mtunza hazina wa malkia wake, aliyekuwa akirudi kwao kutoka Yerusalemu alikokwenda kuabudu. Alikuwa ameketi garini akisoma kitabu cha nabii Isaya, na njia aliyoishika ilikuwa ile ishukayo Gaza, njia ya jangwani.

Twaleta somo hili kwa sababu ya jambo ambalo limeingia katika nyumba zetu. Zamani motokaa kubwa ya kifahari tuliijua kuwa ni ya mkubwa serikalini au ya mgeni. Siku hizi magari haya, ambayo watu wa mjini huyaita mashangingi, huletwa kutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika, na yakizidi kuzeeka bei hushuka, hata mwalimu na muuguzi wakiunganisha akiba zao waweza kupata moja. Na wako wanaochukua gari la namna hiyo, kama Toyota Land Cruiser Prado au Range Rover, wakaondoa baadhi ya viti, wakatengeneza kitanda, mashubaka, tangi la maji na mahali pa kupikia, ili jamaa yote iweze kusafiri siku nyingi na kulala njiani bila kutegemea nyumba ya wageni.

Wengine wametuuliza kama huo si ubadhirifu, kukata kitu kizuri. Sisi hatuoni dhambi katika kazi hiyo. Watu wa Mungu wamekuwa wasafiri tangu Ibrahimu alipong'oa hema zake. Lakini twaona mafunzo manne ambayo yatupasa kuyaweka moyoni kabla fundi hajashika spana.

1. Lengo kabla ya zana

Sisi tuliopitia chuo cha ualimu tulifundishwa kuandika andalio la somo kabla ya kuingia darasani. Katika andalio, lengo hutangulia na zana hufuata. Mwalimu aingiaye na ramani, chati na sanduku la vifaa, naye hajui anataka watoto wajue nini mwisho wa kipindi, atawachosha watoto na kujichosha mwenyewe.

Motokaa nayo ni vivyo hivyo. Tumewaona watu wakianza na zana: leo taa kali za juu, kesho mtambo wa kujivutia matopeni, keshokutwa hema la juu ya paa, kwa kuwa jirani analo. Wahenga walituonya tusisafirie nyota ya mwenzetu. Andika kwanza ni nani watakaosafiri, kwa siku ngapi, kwa barabara ya namna gani, na usiku kila mmoja atalala wapi. Jamaa wanaokwenda kuwaona wazee kila Krismasi kwa barabara ya lami hawana haja na vifaa vya kuvukia jangwa.

Hapo tutofautishe raha na anasa. Anasa hutaka kutazamwa. Raha ni kuamka asubuhi mgongo haukuumi, na maji ya kunawa yapo. Rimu kubwa zenye mpira mwembamba hupendeza mjini, lakini kwenye mawe mpira ule hupasuka na rimu hupinda. Fundi mwenye busara huweka rimu ndogo kadiri breki zinavyoruhusu, na mpira mnene, na barabara mbovu hulainika. Magari mengine ya kifahari husimama juu ya mifuko ya hewa mahali pa springi za chuma. Mifuko hiyo ni laini mno, lakini ikizeeka huvuja, na gari hulala chini mahali pasipo na gereji. Kwa hiyo wengine hurudisha springi za chuma, na wengine hununua mifuko mipya kabla ya kutoka. Viti vya ngozi huvishwa vitambaa vya turubai, na zulia jeupe hutolewa, sakafu ikatandikwa mpira unaofutika kwa maji.

Mtu asidhani kwamba kwa kufanya hivyo analivunjia gari heshima. Range Rover ilipotolewa mara ya kwanza Uingereza mwaka 1970, ilikuwa na milango miwili tu ya abiria, viti vya plastiki, na sakafu ambayo mkulima aliweza kuiosha kwa maji baada ya kazi. Milango minne ilikuja kiwandani mwaka 1981, na baadaye ngozi, mazulia na mbao za kung'aa zikazidi mwaka hadi mwaka. Basi aondoaye zulia analirudisha gari karibu na kazi yake ya kwanza. Tujiulize na sisi ni mazulia mangapi tumeyatandika juu ya utumishi wetu wa kwanza tangu siku ya ubatizo, mpaka hatutaki tena mtu mwenye miguu ya matope akanyage.

2. Mizigo ihesabiwe

Kila motokaa ina kibati au kitabu kinachosema uzito wa juu inaoruhusiwa kuwa nao, pamoja na watu na mizigo. Wengi hawajakisoma. Natufanye hesabu kama ya darasani. Tuseme kibati kinaruhusu kilo 2,850, na gari tupu lina kilo 2,150. Zimebaki kilo 700, na mtu husema, "Loo, nyingi sana!" Haya, tuhesabu. Watu sita, wakubwa kwa wadogo, kwa wastani wa kilo 55, ni kilo 330. Maji lita 60 ni kilo 60. Madumu mawili ya dizeli, kilo 40. Hema la juu ya paa, kilo 60. Tairi la akiba la pili, kilo 30. Friji na vilivyomo, kilo 40. Betri ya pili, kilo 25. Mashubaka ya mbao na kitanda, kilo 60. Bampa la chuma la mbele, kilo 55. Jumlisheni. Zimetimia 700 kamili, na hatujaweka kanga hata moja, wala sufuria, wala unga, wala zawadi za wazee.

Gari lililopita kiasi halipigi kelele siku ya kwanza. Husimama polepole kuliko dereva anavyotazamia, matairi yake hupata moto, na siku ya dharura ndipo siri hutoka. Tena mzigo wa juu ya paa una hatari ya peke yake, kwa sababu huinua uzito wote na kulifanya gari lipende kupinduka kwenye kona. Kwa hiyo vizito vyote, kama maji, betri na vyuma, vikae chini na katikati, vifungwe kwa mikanda. Dumu lisilofungwa, breki zikikamatwa ghafla, huruka kama jiwe la kombeo.

Yako mambo yaliyotokea yanayothibitisha neno hili. Mwaka 1971 na 1972 msafara wa Waingereza ulioongozwa na John Blashford-Snell uliendesha Range Rover mbili kutoka Alaska, kaskazini kabisa mwa Amerika, mpaka ncha ya kusini. Katikati, mpakani mwa Panama na Kolombia, pana msitu na kinamasi kiitwacho Darién, ambako hata leo hapana barabara. Humo magari yale mapya yenye nguvu yalivunjika difu, kwa maana yalipakiwa mno na kuvishwa matairi makubwa ya kinamasi kupita yalivyoundwa kubeba. Ikabidi inunuliwe Land Rover kuukuu, iwe nyepesi ya kutangulia kufungua njia. Walivuka, lakini eneo lile moja liliwachukua kama miezi mitatu.

Musa aliijua hesabu hii. Katika Kitabu cha Hesabu, sura ya 7, twasoma kwamba wakuu wa Israeli walileta magari sita na ng'ombe kumi na wawili kwa kazi ya hema ya kukutania. Musa hakuyagawa sawasawa. Wana wa Gershoni walipewa mawili, wana wa Merari wenye mbao na nguzo nzito wakapewa manne, na wana wa Kohathi hawakupewa hata moja, kwa kuwa vyombo vitakatifu vilikuwa vya kubebwa mabegani. Kila mzigo ulipewa mahali pake. Naye Bwana wetu alipowatuma wale Thenashara, katika Marko sura ya 6, aliwaruhusu fimbo na viatu, akawakataza mkate, mkoba, fedha na kanzu ya pili. Hatusemi msafiri wa leo aondoke bila chakula cha watoto. Twasema kwamba Bwana mwenyewe aliikagua mizigo ya mitume, kitu kwa kitu, na wala hakuona ni jambo dogo.

3. Mambo ya usiku

Gari la kulala lahitaji betri mbili. Ya kwanza ni ya kuwashia injini tu. Ya pili ni ya taa, friji na kuchajia simu. Katikati yake huwekwa kifaa cha kuzitenganisha injini ikizimwa, ili starehe za usiku zisiinyonye ile ya kuwashia. Asiyetenganisha atakunywa maji baridi jioni, na asubuhi ataomba wapita njia wamsukume. Wanawali wale watano wenye busara, katika Mathayo sura ya 25, walikuwa na mafuta ya akiba katika vyombo vyao. Mkristo naye awe na akiba ambayo shughuli za kila siku haziruhusiwi kuigusa: saa yake ya sala, na Jumapili yake.

Madirisha yatiwe wavu wa mbu, ili hewa iingie na malaria ibaki nje. Pazia liwepo. Godoro liwe nene kidogo, kwa maana mgongo wa mzee hausamehe. Na jambo moja twalisema kwa herufi kubwa mioyoni mwenu: JIKO LA MKAA LISIINGIZWE NDANI YA GARI, wala la kupikia wala la kuotea moto, hata likionekana limezimika. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu husinzia, wala haamki. Vivyo hivyo injini isiachwe ikinguruma watu wakiwa wamelala ndani. Pikeni nje, na jiko lilale nje. Dumu la mafuta nalo lisikae mahali mnapolala.

4. Kiti cha nyuma ni cha nani?

Sasa twafika kwenye kiini cha somo letu. Mengi ya magari haya ya jamaa yana safu tatu za viti, na kazi ya kwanza ya fundi, karibu kila mara, ni kufungua safu ya tatu ili apate nafasi ya kitanda. Kwa hesabu ya mbao na misumari ni sawa. Lakini ni nani aliyekuwa akiketi pale? Katika nyumba zetu, kiti kile cha nyuma kabisa ni cha bibi aliyekuja kutibiwa, cha binti anayetusaidia kazi, cha yatima tuliyemchukua. Baba, mama na watoto wao hawaketi huko.

Nyumba moja ya parishi yetu walinunua Prado ya namna hiyo, wakanuia kuzunguka kuwaona ndugu wa pande zote mbili. Ni baba, mama, watoto wao watatu, na kijana wa miaka tisa, mtoto wa marehemu mdogo wake baba. Watu sita. Viti vya nyuma vilifunguliwa vyote viwili, vikawekwa kibarazani. Siku ile ile mama alimwona yule kijana akitoa nguo zake katika mfuko wa safari na kuzirudisha kabatini, moja moja, bila kusema neno. Alikuwa amehesabu mwenyewe viti vilivyobaki.

Jioni wote wawili walikuja kwetu. "Shikamoo, Mwalimu," akasema baba, nasi tukaitikia. Akaeleza kwamba hakukusudia kumwacha. "Yule ni mdogo, Mwalimu. Atajilaza juu ya godoro pamoja na mizigo, tena atastarehe kuliko sisi."

Tulimjibu, "Mwanangu, godoro halina mkanda." Tukamweleza kwamba gari likienda kilomita 80 kwa saa, kila kilichomo ndani kinakwenda mwendo huo huo, likigonga kitu, gari husimama na mtoto huendelea. Kitanda ni cha gari lililosimama. Likitembea, kila mtu akae kitini, mkanda umefungwa. Tukamwuliza swali moja tu zaidi: "Kama ingekuwa lazima mmoja alale juu ya godoro, ungemchagua yupi kati ya watoto wako wanne?" Tulisema wanne kwa makusudi. Mama aliinamisha kichwa. Baba alikaa kimya kitambo, kisha akaomba ruhusa, wakaenda zao.

Kesho yake kiti kimoja kilirudishwa mahali pake na kukazwa boliti zake zote. Kitanda kikafanywa cha vipande viwili, kimoja cha kudumu, na kingine cha kulazwa usiku baada ya kiti kukunjwa ubavuni. Friji haikupata nafasi tena; wakanunua sanduku la barafu. Watoto wakubwa wakapewa hema la kusimamishwa chini, kando ya gari. Starehe ilipungua kidogo, na safari ikawa ya watu sita.

Rudini sasa kwa yule mtunza hazina. Filipo alipokimbia akalikaribia gari, yule mkubwa alimsihi apande aketi pamoja naye. Luka hakutuandikia gari lile lilikuwa la mbao gani, wala lilivutwa na farasi wangapi. Lakini twajua kwamba palikuwa na nafasi ya mtu mmoja zaidi. Kama mahali pale pangejazwa masanduku ya zawadi kutoka Yerusalemu, Filipo angebaki anakimbia vumbini, na Mkushi angebaki na kitabu asichokielewa. Tena, walipoona maji, yule mtu aliamuru gari lisimame. Alikuwa na cheo, alikuwa na safari ndefu, na bado aliweza kusimama. Naye Msamaria, katika Luka sura ya 10, alikuwa na mafuta na divai katika mizigo yake, na mnyama wake aliweza kumbeba majeruhi. Hao wawili walisafiri na vyombo vyao vizuri, na vyombo hivyo vilikuwa na nafasi ya mtu asiyetazamiwa.

Neno la mwisho

Msiende mbali mara ya kwanza. Laleni usiku mmoja garini uani kwenu, kisha mbili tatu mahali pa karibu, na kila kitu ambacho hamkukigusa kitolewe, isipokuwa jeki, dawa, kizima moto na kamba ya kuvutia. Gari likiisha kupakiwa, lipimeni kwenye mizani. Mwenye bima aambiwe mlivyobadilisha, ili siku ya ajali asikane.

Wala msidhani raha ya safari hutoka katika wingi wa vifaa. Mjerumani Gunther Holtorf na mkewe Christine walisafiri dunia kwa Mercedes-Benz moja ya mwaka 1988 waliyoipa jina la Otto. Walilala ndani yake juu ya godoro, wakajipikia wenyewe. Christine alifariki mwaka 2010, na mumewe akaendelea mpaka mwaka 2014, mita ikiwa imepita kilomita 800,000. Gari lile limewekwa katika makumbusho huko Stuttgart, na wanaolitazama huona kitanda cha kawaida mno, cha watu wawili waliopendana.

Tunawaachia maswali matatu ya kujibu nyumbani, baba, mama na watoto wakiwa pamoja. Katika nyumba yetu, ni nani anayeketi kiti cha nyuma? Ni mzigo gani tunaoubeba kwa ajili ya kutazamwa tu? Na je, tukimwona mtu njiani, gari letu laweza kusimama?

Tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyetembea kwa miguu katika vijiji vya Galilaya, uwalinde wote wasafirio mwezi huu. Utupe hekima ya kuhesabu mizigo yetu kabla ya kuondoka, na moyo wa kumwachia mwenzetu nafasi. Usimwache mtoto hata mmoja azirudishe nguo zake kabatini kwa sababu yetu. Utufikishe salama, na mwisho wa safari zote utupokee nyumbani kwa Baba yako. Amina.